Usingizi wa Pono

Mtu alalaye asisikie kelele wala kuguswa husemwa na Waswahili kuwa amelala usingizi wa pono. Pono ni samaki wa miambani, na inasemekana kuwa usiku hulala hata mvuvi aweza kumtwaa kwa mkono. Usemi huu mara nyingi hutumiwa kwa mtu akoromaye. Mzee akikoroma baada ya kazi watu hucheka kidogo wakamwacha. Mtoto akikoroma mama humfunika vizuri, akiamini kuwa amechoka kwa michezo na sasa anajilipa. Kukoroma, katika nyumba nyingi, ni dalili ya raha. Ni vigumu kupata dhana ya nyumbani iliyo mbali na kweli kuliko hii.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Tanga aliishi na dhana hiyo miaka mingi. Alikuwa mtu mwema, mpenzi wa hesabu, mwenye sauti ya upole. Lakini alikuwa na chuki moja isiyokwisha, nayo ni chuki ya mwanafunzi asinziaye darasani. Aliamini kuwa kusinzia ni utovu wa adabu uliovaa nguo ya udhaifu. Msinziaji alisimamishwa ukutani mpaka kipindi kiishe, na aliyerudia alipigwa fimbo za mkononi. Mmoja wa wasinziaji hao, mvulana wa darasa la tano ambaye kinywa chake kilikuwa wazi daima, alisimama ukutani siku nyingi kuliko alizokaa juu ya dawati. Mwisho aliacha kuja. Mwalimu aliandika jina lake katika hesabu ya watoro, akafungua ukurasa mwingine.

Mwaka uliofuata mwalimu aliletewa barua fupi na mwalimu mwenzake. Mtoto wake mwenyewe, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa akisinzia katika darasa la pili, na mwandiko wake ulikuwa umeharibika. Mwalimu alirudi nyumbani na ghadhabu ya mtu aliyeaibishwa. Mama yake mzazi, aliyekaa nao, ndiye aliyesimama kati. "Mwache mjukuu wangu, mwanangu," alisema. "Mtoto analala vizuri usiku kucha, mimi namsikia anavyokoroma." Utetezi ule haukumsaidia mtoto. Kama alilala vizuri hivyo, hakuwa na udhuru wa kusinzia mchana, akaadhibiwa.

Fumbo lilifumbuka kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari feni ilisimama, na ule mvumo wake uliozoea kufunika sauti nyingine za nyumba ukanyamaza. Mwalimu, aliyekuwa macho kwa joto, alimsikia mwanawe katika chumba cha pili. Mkoromo ulipanda, ukapanda tena, kisha ukakatika. Kwa desturi ya mtu wa hesabu alianza kuhesabu. Alipofika 14 mtoto alishtuka kama mtu aibukaye majini, akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, akaanza kukoroma upya. Baada ya dakika chache ikawa vile vile. Mwalimu alichukua tochi akaenda kumtazama. Mtoto alikuwa ameirudisha shingo nyuma, kinywa wazi, jasho limelowesha mto. Na kila alipojaribu kuvuta hewa, kifua chini ya mbavu kilibonyea ndani badala ya kuinuka. Yule aliyedhaniwa kuwa amelala usiku kucha alikuwa akipigania hewa usiku kucha, na mwanga ulipompiga usoni hakuamka.

Daktari wa masikio, pua na koo aliyempokea mtoto alimtazama kinywani kwa muda mrefu, akampa mzazi kifaa kidogo cha kubana kidoleni kipimacho oksijeni ya damu, kikae usiku mzima. Karatasi ya kipimo ilirudi na mstari ulioshuka na kupanda kama meno ya msumeno. Daktari alitaja mambo mawili. La kwanza lilikuwa mafindofindo yaliyovimba pamoja na nyama za nyuma ya pua. Hilo mwalimu alikuwa ameshalisikia kwa majirani. La pili hakupata kulisikia kamwe: kaakaa la mtoto lilikuwa jembamba, limeinuka juu kama kuba, na taya zima lilikuwa dogo kwa umri wake. "Chumba ni kidogo, mwalimu," alisema daktari, "na vyombo ni vingi."

Maneno hayo yastahili kufunuliwa, maana watu wengi hudhani kuwa taya ni la kutafunia tu na kwamba meno yaliyobanana ni habari ya uzuri wa sura. Kaakaa ni dari ya kinywa, lakini dari hiyo hiyo ndiyo sakafu ya pua. Likiwa pana, pua iliyo juu yake hupata nafasi. Likiwa jembamba na lenye kuinuka, pua hubanwa ubavuni na kusukumwa kutoka chini. Ulimi nao haupungui kwa kuwa taya limepungua. Ukikosa mahali mbele hutafuta mahali nyuma. Mtu akiwa macho, misuli ya koo huushikilia ulimi na kuzitanua kuta za koo bila yeye kujua. Akilala misuli hulegea, ulimi hurudi nyuma, na kuta zile, ambazo pale hazina mfupa wa kuzisimamisha, hukaribiana. Zikikaribiana hutetemeka, na mtetemo huo ndio mkoromo. Zikigusana, pumzi hukatika. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mlalaji huamka kidogo asikumbuke asubuhi, koo hufunguka, na mambo huanza tena. Matabibu huhesabu mara ambazo pumzi hukatika au kufifia katika saa moja. Mtu mzima akifikia 5 huanza kuangaliwa kwa makini. Mtoto hutiliwa shaka akizidi hata mara 1.

Hapo huingia kanuni ya hesabu ambayo ilimgusa mwalimu kuliko maelezo yote ya nyama na mifupa. Karne ya 19 tabibu wa Ufaransa, Poiseuille, alipima jinsi maji yapitavyo katika mirija myembamba, akaona kuwa upinzani wa mrija haulingani na wembamba wake. Mrija ukipunguzwa nusupenyo kwa nusu, upinzani hauzidi mara 2, wala mara 4, bali mara 16. Pua na koo si mirija iliyonyooka, na hewa ndani yake huzunguka na kujipinda, kwa hiyo hesabu haitoki sawasawa. Lakini njia yake ni hiyo. Milimita moja au mbili ambazo jicho halizioni zaweza kuwa tofauti kati ya usingizi na mateso.

Kwamba taya dogo laweza kuzuia pumzi si jambo la kubahatisha. Ushahidi ulio wazi kupita wote ni wa watoto wachanga waliozaliwa na kidevu kidogo mno, ambao habari yao ilielezwa na Pierre Robin huko Ufaransa mwaka 1923. Kwa watoto hao ulimi huangukia kooni tangu siku ya kwanza, na baadhi yao hufa wasipolazwa kifudifudi au kusaidiwa. Siku hizi, katika hali iliyo ngumu, mpasuaji hukata mfupa wa taya la chini, akafunga kifaa chenye parafujo, na mfupa ukarefushwa pole pole, karibu milimita 1 kwa siku. Taya likisogea mbele ulimi hulifuata, na mtoto hupumua.

Watoto wa shule hawamo katika hatari ya namna hiyo, na ndiyo sababu walichelewa kuonekana. Mwaka 1889 daktari wa Kiingereza, William Hill, alichapisha katika jarida la matabibu wa Uingereza makala kuhusu watoto waitwao wajinga na wavivu, akaonyesha kuwa baadhi yao ni watoto wapumuao kwa kinywa na wakoromao usiku. Makala hiyo ilisomwa, ikasahauliwa. Ugonjwa wenyewe haukupimwa mpaka mwaka 1965, wakati Gastaut na wenzake huko Marseille, na wengine huko Ujerumani, walipowafunga walalaji nyaya za kupimia ubongo na pumzi kwa pamoja wakaona pumzi ikikatika na ubongo ukiamka. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walieleza habari za watoto 8 wenye ugonjwa huo. Miongoni mwa dalili walizoandika zilikuwamo kusinzia mchana, kurudi nyuma katika masomo, na kukojoa kitandani. Kati ya makala ya Hill na watoto hao 8 ilipita miaka 87, na katika miaka hiyo fimbo hazikupumzika.

Kwa nini mataya ya watu wengi ni madogo kuliko meno yao? Katika Afrika ya Mashariki swali hili lina mahali pa kuanzia. Mwaka 1964, upande wa magharibi wa Ziwa Natron, Kamoya Kimeu aliokota taya la chini la kiumbe wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Taya lile la Peninj ni zito, na magego yake ni makubwa ajabu. Mwenye taya hilo si babu wa mtu wa leo, ni wa tawi lililokatika. Lakini atazamaye magego yale huona mara moja kuwa kutafuna ilikuwa kazi ya siku nzima. Mtu wa leo hupika, husaga, huchuja, na mwishowe hununua mkate usiohitaji meno. Mwaka 2004 Daniel Lieberman na wenzake walilisha pimbi wachanga, kundi moja vyakula vilivyopikwa, jingine vyakula vibichi au vikavu. Waliokula vilivyopikwa walikua na nyuso pungufu kwa takriban asilimia 10 katika sehemu za chini na za nyuma, ambako nguvu ya kutafuna hufika zaidi. Na mwaka 2011 Noreen von Cramon-Taubadel alilinganisha mafuvu ya jamii 11, akaona kuwa mataya ya chini ya watu walioishi kwa kuwinda na kuokota ni marefu kuliko ya wakulima. Mfupa, basi, husikiliza kazi upewayo.

Mtu mwepesi wa kuamua angesimama hapo akaamuru watoto wote watafune miwa. Lakini kuna upande wa pili. Katika miaka ya 1970 na baada yake, Egil Harvold aliziba pua za nyani wachanga huko California, wakalazimika kupumua kwa kinywa, na mataya yao yakakua kombo, kila mmoja kwa kombo lake. Kwa hiyo taya jembamba hubana pumzi, na pumzi iliyobanwa puani hulifanya taya kuwa jembamba. Mtoto mwenye nyama nyuma ya pua hufungua kinywa. Akifungua kinywa ulimi hushuka kutoka kaakaani. Kaakaa likikosa ulimi wa kulitegemeza kutoka ndani, mashavu hulibana kutoka nje. Ni duara, na tabibu asiyejua mtoto huyu aliingilia mlango gani huweza kutibu mlango usio wake. Pamoja na hayo pana urithi wa wazazi, ambao hautafuniki.

Habari ya kulitanua kaakaa ni ya zamani kuliko watu wengi wadhanivyo. Mwaka 1860 Emerson Angell, mganga wa meno wa San Francisco, alieleza jinsi alivyomwekea msichana wa miaka 14 na nusu kifaa chenye parafujo kati ya meno ya juu, akampa ufunguo aizungushe mwenyewe. Baada ya majuma mawili taya lilikuwa limepanuka, na pengo lilikuwa limetokea kati ya meno mawili ya mbele. Angell alidai kuwa mfupa wenyewe umeachana katikati. Wenzake hawakusadiki, naye hakuwa na njia ya kuwaonyesha, kwani miali ya eksirei haikugunduliwa mpaka mwaka 1895. Jambo hilo lilipata nguvu mpya mwaka 1961, Andrew Haas alipochapisha kazi yake kuhusu kupanua upinde wa meno pamoja na tundu la pua kwa kufungua mshono wa katikati ya kaakaa. Mshono huo ni kweli upo: kaakaa ni vipande viwili vilivyokutana, na kwa mtoto havijashikana sana. Parafujo ikizungushwa, kwa kawaida robo ya milimita kila mara, vipande huachana, mwili hujaza mfupa mpya katikati, na pua hupanuka kwa kuwa sakafu yake imepanuka. Kwa kijana aliyekwisha kubaleghe mshono huanza kushikana kama meno ya zipu, na kwa mtu mzima mara nyingi huhitaji visu au misumari midogo ifungwayo kwenye mfupa. Kifaa kitumiwacho sana chaitwa Hyrax, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza ya kutanua kwa haraka na kwa usafi. Kwa sadfa ndilo jina la Kiingereza la pimbi, mnyama yule yule aliyelishwa chakula laini.

Je, usingizi huponywa? Mwaka 2004 Paola Pirelli, Guilleminault na mwenzao walitoa habari za watoto 31 wenye mataya membamba ambao mafindofindo yao hayakuwa yamevimba. Kabla ya kutanuliwa, pumzi zao zilikatika au kufifia kwa wastani wa mara 12.2 kwa saa. Miezi minne baadaye zilikuwa chini ya 1. Matokeo kama hayo humlevya msomaji, na yamewalevya wengi. Lakini watoto hao walichaguliwa kwa wembamba wa mataya yao, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha. Umuhimu wa kundi hilo ulionekana mwaka 2013, katika uchunguzi mwingine wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 huko Marekani, waliogawanywa kwa kura: nusu walikatwa mafindofindo na nyama za pua, nusu walingojea. Baada ya miezi 7 vipimo vya usingizi vilirudi kuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa. Kwa waliongojea tu, vilirudi kwa asilimia 46. Mtoto hukua, na karibu nusu walijiponya kwa kukua. Tena mtihani wa usikivu wa akili haukuonyesha tofauti kubwa kati ya makundi mawili, ingawa tabia na raha ya maisha vilikuwa bora zaidi kwa waliopasuliwa. Mwenye kuuza vifaa vya kutanua kaakaa hapendi kuzitaja namba hizi, na mzazi aliyeogopa usiku hataki kuzisikia.

Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kilitoa maelezo yake mwaka 2019, nayo ni ya busara: kuutambua ugonjwa ni kazi ya tabibu, si ya mpanga meno, na kitanuzi kiwekwe pale ambapo taya lenyewe lina upungufu unaokihitaji. Kwa watu wazima tahadhari ni kubwa zaidi. Wapo waliowekewa vifaa vya kutanua bila mfupa kufunguka. Meno yakasukumwa nje ya mfupa wake, na pumzi ikabaki pale pale. Mtu mzima ana njia nyingine: mashine ya kupuliza hewa puani ambayo Colin Sullivan wa Sydney aliieleza mwaka 1981, kifaa cha kusogeza taya la chini mbele wakati wa kulala, kupunguza uzito kwa mnene, na kwa baadhi, upasuaji wa kusogeza mataya yote mawili mbele. Upasuaji huu wa mwisho ni mzito, lakini ndio unaoonyesha kwa uwazi kuwa ukipanua nyumba ya ulimi, koo hufunguka.

Mtoto wa Tanga aliingizwa kwa mlango wa kwanza kwanza. Mafindofindo na nyama za pua vilikatwa wakati wa likizo, na kwa majuma matatu nyumba ililala. Kisha mkoromo ulirudi, mdogo kuliko wa awali, na kipimo cha kidoleni kilionyesha kuwa msumeno umepoteza meno mengi lakini si yote. Hapo ndipo mwalimu alipompeleka Dar es Salaam kwa mtaalamu wa kupanga meno, akijua gharama, na akiwa amekwisha kuambiwa mapema kuwa haifai kuahidiwa kupona. Kila usiku kwa majuma matatu baba alimlaza mtoto chali chini ya taa, akatia ufunguo mdogo katika parafujo, akauzungusha mara moja, asubuhi akarudia. Mtoto alisema anasikia kubanwa kwenye mfupa wa pua, kisha hasikii kitu. Siku ya tisa pengo lilitokea kati ya meno mawili ya mbele, na ndugu zake wakamcheka mpaka bibi akawakemea. Pengo lilijifunga lenyewe baadaye. Kifaa kilibaki kinywani miezi sita kungoja mfupa ukomae, na maandazi yalikuwa shida.

Sasa mtoto hulala kinywa kimefungwa usiku mwingi, si wote. Akipata mafua hukoroma. Mwandiko umerudi, hesabu bado ni mbovu, na mwalimu amekubali kuwa huenda hesabu hazikuwa koo. Bibi ndiye aliyetaabika: alikwisha kuzoea kumsikia mjukuu, na kimya cha usiku kilimwamsha mara mbili tatu akaende kumgusa.

Mwalimu mwenyewe alikwenda shuleni siku moja ya likizo akafungua daftari la watoro la mwaka ule. Jina la mvulana wa darasa la tano lilikuwapo kwa mwandiko wake. Aliuliza kwa walimu, kisha kwa wanafunzi waliokaa naye dawati moja, kisha mtaani kwao karibu na reli. Familia ilikuwa imehama. Jirani mmoja, mwanamke auzaye samaki, alimkumbuka mtoto. Mwalimu alimwuliza kama mtoto yule alikuwa akikoroma. Mwanamke alicheka, akasema ukuta wao ulikuwa mmoja, na kwamba mtoto yule alilala usingizi wa pono.